Simba wa Witu: Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii aghalabu huitumia katika mambo madogo: nyama iliyogawanywa kabla ya mtu kufika, au kiti kilichokaliwa na mwingine. Leo nataka kuitumia katika jambo kubwa zaidi, nalo ni ardhi ya kulima katika upande wa bara wa Lamu. Nitafanya hivyo kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake limo katika masomo ya historia ya Kenya, ingawa mara nyingi hutengewa sentensi moja tu. Mtu huyo ni Sultani Ahmed bin Fumo Luti, mtawala wa Witu, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Simba.

Sentensi hiyo moja husema kwamba Simba aliomba ulinzi wa Wajerumani mwaka 1885. Ni kweli aliuomba. Lakini mwanafunzi anayeishia hapo hudhani kwamba kisa cha Witu ni kisa cha bendera tu, ya nani ilipandishwa na ya nani ikashushwa. Maoni yangu ni tofauti. Maisha ya Simba, tangu alipovuka maji kutoka kisiwani mpaka mji wake ulipoteketezwa yeye mwenyewe akiwa tayari kaburini, ni kisa cha swali moja ambalo hadi leo halijapata jibu kamili: nani akae kitako ardhi inapopangwa?

Simba alizaliwa katika ukoo wa Nabahani, watawala wa Pate. Yafaa tukumbuke Pate ilikuwa nini. Katika visiwa vya Lamu, yaani Lamu yenyewe, Manda, Pate na vile vidogo vya kaskazini kama vile Ndau na Kiwayu, Pate ilipata kuwa dola yenye fahari, kitovu cha biashara na cha ushairi wa Kiswahili. Lakini kufikia wakati wa ujana wa Simba fahari hiyo ilikuwa imechakaa. Takriban mwaka 1812 Pate na Wamazrui wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Baada ya vita hivyo Lamu iliutafuta ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na tangu hapo kivuli cha Waomani kikazidi kurefuka juu ya visiwa vyote. Mji wa Siyu, katika kisiwa hicho hicho cha Pate, ulikataa kuinama na ukapigana kwa miaka mingi. Hatimaye, mwaka 1863, Siyu nayo ikaangukia mikononi mwa Sayyid Majid wa Zanzibar.

Katika misukosuko hiyo Simba alipoteza kiti cha wazee wake. Mtu mwingine huenda angejisalimisha, akapokea posho ya kila mwezi na kuyamalizia maisha barazani akitafuna tambuu. Simba alivuka bara. Kwanza aliweka makao Kau, kando ya mto Ozi, si mbali na mahali mto huo unapoingia baharini Kipini. Majeshi ya Zanzibar yalipomsumbua huko, alijitoma ndani zaidi akafika Witu, mahali palipozungukwa na msitu mnene uliokuwa ngome bora kuliko ukuta wa mawe.

Hapa inafaa nieleze kidogo maana ya neno bara katika kinywa cha mtu wa visiwani, kwa kuwa wanafunzi wengi hulisikia vibaya. Kwa Mwamu au Mpate wa karne ya 19, bara hapakuwa mahali pa nje ya dunia yake. Bara ndiko kulikokuwa ghala lake. Visiwa havina mito, na sehemu kubwa ya udongo wake ni mchanga na mawe. Mnazi husitawi, na tumbaku hulimwa Pate hata leo katikati ya magofu, lakini nafaka ya kuulisha mji ilitoka ng'ambo. Wenye mashamba walivuka kwa mashua wakalimisha mtama, mahindi na ufuta katika nchi ya Mkonumbi, Hindi na Magogoni. Wabajuni wa kaskazini walivuka vivyo hivyo kwenda kulima upande wa bara unaokabili visiwa vyao. Sehemu ya mavuno iliuzwa nje, na majahazi yakaipeleka nafaka ya Lamu hadi Bara Arabu.

Lakini kilimo hicho kilikuwa na masharti yake. Mvua ya upande ule haina ahadi. Masika hunyesha vizuri mwaka mmoja na mwaka wa pili ikatoroka, na vuli mara nyingi ni manyunyu tu. Kadiri mtu anavyokwenda kaskazini kuelekea Kiunga, au ndani kuelekea nchi ya Garissa, ndivyo mvua inavyozidi kupungua. Katika nchi ya namna hiyo mkulima mwenye akili halingang'anii konde moja. Hufyeka, hulima misimu kadhaa, kisha huliacha konde lipumzike na kuhamia jingine, akijua kwamba atarudi yeye au mwanawe. Konde lililoachwa huota vichaka, mifugo ya jirani ikala humo, na Mboni akaning'iniza mizinga yake. Mpita njia asiyejua huliona konde hilo akadhani ni pori lisilo mwenyewe. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa mengi yaliyofuata yalitokana na kosa hilo la macho.

Simba aliingia bara katika wakati wa mabadiliko. Katika miaka ya 1860 nguvu za Waoromo, waliokuwa wametawala malisho ya upande ule kwa muda mrefu, zilivunjwa na mashambulizi ya Wasomali. Kukawa na nchi pana ambayo mkulima aliweza kuiingia bila kumwogopa mfugaji kama zamani. Wenye mashamba wa visiwani walizidi kupanuka, na kwa kuwa kazi ya shamba ilifanywa na watumwa, walizidi kununua watu. Na palipo na watumwa wengi karibu na msitu, pana watoro.

Watoro hao ndio waliomfanya Simba kuwa Simba. Walikimbia mashamba ya pwani, wakaingia msituni, na Witu ikawapa hifadhi. Walijenga vijiji kuuzunguka mji, wakalima na wakashika silaha pale ilipohitajika. Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, nao walikuwa miongoni mwa washirika wake. Waliijua misitu kuliko mtu yeyote. Kwa njia hii mfalme aliyepoteza kisiwa alipata dola mpya, na raia wa dola hiyo walikuwa watu ambao dola nyingine hazikuwahesabu kuwa watu. Dola ya Simba ilisimama juu ya makubaliano ambayo hayakuandikwa popote: njoo, fyeka, lima, nilinde nami nikulinde. Kwa lugha ya siku hizi tungesema kwamba alikuwa na sera ya ardhi, na sera hiyo ilikuwa imefungamana na wale walioishika jembe.

Sitaki hata hivyo kumpaka Simba mafuta kupita kiasi. Mwalimu anayewapa wanafunzi shujaa asiye na doa huwafundisha uvivu wa kufikiri. Witu haikuwa nchi ya uhuru kwa kila mtu. Utumwa ulikuwamo hata humo, na wakulima wa Kipokomo kandokando ya mto Tana walilalamika kwa miaka mingi juu ya mashambulizi ya watu wa Witu. Kwa wenye mashamba wa Lamu na Mkonumbi, Simba alikuwa mwizi wa mali yao. Kwa mtoro alikuwa kivuli cha mwembe wakati wa jua kali. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na historia iliyokomaa huyabeba yote mawili.

Adui wake mkuu alibaki Zanzibar. Sayyid Majid, na baada yake Sayyid Barghash, walitaka kuumaliza utawala huo mdogo uliowadharau machoni pa pwani nzima. Simba akajua kwamba msitu peke yake hautamlinda daima, akaanza kutazama nje. Mwaka 1867 alitembelewa na msafiri Mjerumani, Richard Brenner, na kupitia kwake akatuma ujumbe wa kutaka urafiki wa Prussia. Ujumbe huo haukuzaa kitu wakati ule. Mwaka 1878 wakaja ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, pamoja na daktari Gustav Fischer, kuichunguza nchi ya mto Tana. Denhardt hawakuisahau nchi hiyo. Walirudi wakiwa na wazo la biashara na makazi, na safari hii Ujerumani ilikuwa imeshikwa na homa ya makoloni.

Tarehe 8 Aprili 1885 Simba alitia mkono katika mkataba wa kuwapa Denhardt eneo la maili mraba 25. Tarehe 27 Mei mwaka huo huo nchi yake iliyosalia ikawa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Barghash alikuwa ametuma askari kuelekea Witu. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake Zanzibar, naye akalazimika kunywea. Kwa kipimo cha siasa, Simba alikuwa ameshinda. Mzee aliyefukuzwa Pate alikuwa amemfanya Sayyid wa Zanzibar arudi nyuma.

Ni hapa ambapo mimi, kama mtu ninayeshughulika na lugha, husimama nikatafakari. Tendo lile la Aprili 1885 lilikuwa nini hasa? Katika karatasi za Wazungu lilikuwa uuzaji: ardhi imepimwa, imetoka kwa huyu imeingia kwa yule, na kwisha. Lakini katika desturi ya bara la Lamu, mahali ambapo konde huanza kwa shoka na kumalizika kwa kupumzishwa, kumpa mgeni ardhi kulikuwa na maana ya kumruhusu alime na aishi chini ya kivuli cha mwenyeji. Mgeni hupewa matumizi ya ardhi, nchi hapewi. Sidai kwamba Simba alidanganywa kama mtoto. Alikuwa mwanasiasa mkongwe, aliitaka bunduki ya Mjerumani na alikuwa tayari kuilipia. Ninalodai ni kwamba neno moja lilibeba mizigo miwili, na kila upande ukaondoka na mzigo wake ukiamini kwamba mwenzake amebeba uo huo.

Aidha kuna jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Mkataba ule ulikuwa kati ya mfalme na wafanyabiashara. Wale watoro waliokuwa wamefyeka msitu, Mpokomo wa mtoni, Mboni wa mizinga, mfugaji aliyefuata majani baada ya mvua, hakuna hata mmoja wao aliyehesabiwa kuwa upande katika mapatano. Makubaliano yale ya zamani yasiyoandikwa, ya kulima na kulindana, yaliwekwa kando mara karatasi ilipoingia. Simba aliyepata dola kwa kuwakusanya waliokuwa hawapo katika hesabu za wengine, mwishowe naye akawaacha nje ya hesabu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kilichofuata kilimwonyesha kwamba aliyewaacha wengine nje ya baraza naye huweza kuachwa nje ya baraza kubwa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa na kuigawa pwani ya Afrika ya Mashariki. Sayyid wa Zanzibar aliachiwa ukanda wa maili 10 kutoka baharini, na Witu ikatambuliwa kuwa na pwani yake kutoka Kipini hadi ncha ya kaskazini ya Ghuba ya Manda. Mipaka hiyo ilichorwa Ulaya. Mwaka 1887 ikaundwa Kampuni ya Kijerumani ya Witu. Nchi ya Simba ikawa inaitwa na Wajerumani Nchi ya Waswahili, hata stempu za posta zikachapishwa kwa jina hilo. Kwa wanafunzi wa lugha hili ni jambo la kushangaza kidogo: dola yenye jina la Waswahili ilikuwapo, lakini jina lenyewe lilitungwa na wageni na kubandikwa katika bahasha.

Kufikia mwanzo wa mwaka 1889 Simba alikuwa amekwisha kufariki. Alikufa akiamini, hapana shaka, kwamba amewaachia warithi wake mlinzi mwenye nguvu. Kiti kilishikwa na Fumo Bakari. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia sahihi mkataba ambao kwa huo Ujerumani ilipata kisiwa cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini na kuachana na madai yake ya Witu. Watu wa Witu hawakuulizwa. Waliamka wakiwa chini ya dola nyingine kama ng'ombe aliyebadilishwa sokoni, na mlinzi ambaye Simba alimtafuta kwa miaka mingi akaenda zake.

Miezi miwili tu baadaye, Septemba 1890, Mjerumani mmoja aitwaye Andreas Küntzel alifika Witu na wenzake kwa shughuli ya kupasua mbao. Ugomvi ulizuka juu ya haki ya kukata miti katika msitu ambao kwa watu wa Witu ulikuwa ngome, kuni, dawa na akiba ya makonde ya kesho. Küntzel na wenzake wakauawa. Oktoba mwaka huo huo Waingereza, chini ya Admirali Fremantle, walishuka pwani, wakaandamana hadi Witu na kuiteketeza. Fumo Bakari alikimbia, naye akafa mapema mwaka 1891. Vita vilivyoisha kwa moto vilianzia katika suala la matumizi ya ardhi: mti huu ni wa nani, na nani huulizwa kabla ya kuukata.

Baada ya majivu kupoa wakaja wapangaji. Kampuni ya Kiingereza iliyoitawala Afrika ya Mashariki wakati huo ilimtuma William FitzGerald, kati ya 1891 na 1893, kuichunguza pwani ione ni mazao gani yangesitawi. Alifanya kazi kwa bidii na kitabu chake cha 1898 kina manufaa makubwa kwa mtafiti. Mwaka 1894 likafika Lamu kundi la Wazungu waliovutiwa na riwaya ya Theodor Hertzka wa Vienna, wakikusudia kupanda mto Tana hadi mlima Kenya na kuanzisha huko jamii ya watu sawa, isiyo na mwenye ardhi wala kibarua. Hawakufika. Kundi lilivunjika kabla hata ya kuondoka pwani vizuri. Nia yao huenda ilikuwa njema, lakini walikuja na ramani ya riwaya kuja kupanga nchi yenye wenyewe.

Kisha zikaja sheria. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba makubwa ya bara yalikosa mikono na mengi yakaota msitu. Mwaka uliofuata, 1908, sheria ya hati za ardhi ilimtaka kila mwenye dai ajitokeze na kulithibitisha. Sheria ya namna hiyo huifaa minazi, kwa kuwa mnazi husimama mahali pamoja kwa miaka mingi. Haimfai mkulima wa konde linalohama, wala mfugaji anayefuata mvua. Ardhi isiyokuwa na dai katika karatasi ikawa ya Taji, na baada ya uhuru wa 1963 ikawa ya serikali. Kosa la macho nililolitaja mwanzoni likawa sasa kosa la kisheria: konde lililopumzika limeandikwa kuwa pori tupu. Wakati huo huo vita vya mashifta, katika miaka ya 1960, viliwafukuza Wabajuni wengi kutoka mashamba yao ya bara, na makazi yao mengi yakawa mahame.

Ndipo katika miaka ya 1970 serikali ilipoanzisha mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta, mahali tunapopaita Mpeketoni, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Historia ina kejeli zake: Wajerumani wakarudi karibu na Witu, safari hii wakiwa na vipimo vya wapima ardhi. Familia zisizo na ardhi, nyingi kutoka Mkoa wa Kati, zilipewa mashamba, nazo zilifanya kazi ya kupigiwa mfano. Walipanda pamba, mahindi na mikorosho, wakaigeuza Mpeketoni kuwa mji wenye soko kubwa. Si haki kumlaumu mkulima aliyepewa shamba akalilima. Lakini wenyeji wengi wa Lamu waliona kwamba nchi ya babu zao imegawiwa wao wakiwa hawapo, na donge hilo halikuyeyuka. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa kikatili. Al-Shabaab walidai kuhusika. Ugaidi hauna utetezi wala sitauwekea utetezi. Ila ni kweli pia kwamba muuaji hupenda kupita penye ufa. Mwishoni mwa Julai mwaka huo serikali ilitangaza kuzifuta hati za ekari 500,000 za ardhi ya Lamu zilizokuwa zimetolewa kwa kampuni 22. Hapo ndipo wengi walipojua kwamba ardhi hiyo ilikuwa imegawiwa.

Nayo nchi kavu haikungoja binadamu wasuluhishane. Katika ukame wa 2016 na 2017 Ziwa Kenyatta lenyewe lilikauka, viboko wakafa katika matope, na mkulima, mfugaji na mvuvi wakajikuta wote wamesimama kwenye ukingo wa shimo moja.

Je, hakuna tulilojifunza? Lipo. Baada ya mapigano ya wakulima na wafugaji katika Delta ya Tana mwaka 2012 na 2013, yaliyoua zaidi ya watu 100, ulitungwa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta hiyo, uliotolewa mwaka 2015, ukizihusu kaunti za Tana River na Lamu. Kilichoutofautisha na mipango ya zamani ni kwamba wakulima, wafugaji na wavuvi wa vijijini walikaa pamoja na maofisa na wataalamu, wakasema ni wapi mifugo hupita kwenda majini, ni wapi panalimwa mto unapopungua, na ni wapi pasiguswe. Kaunti ya Lamu nayo ilitunga mpango wake wa kwanza, wa miaka 10 kutoka 2016 hadi 2026, kama Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inavyotaka. Na mwaka uo huo wa 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayokiri kwamba ardhi inaweza kuwa ya watu bila kuwa ya mtu.

Hizi ni hatua njema, lakini sheria njema ni kama mtama ghalani. Haumlishi mtu mpaka utwangwe. Muda wa mpango wa kwanza wa Lamu unafikia kikomo mwaka 2026, na utakaoufuata utatungwa katika nchi ambayo sasa ina bandari kubwa huko Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na barabara na ramani za kila namna. Thamani ya ardhi imepanda. Wanaotaka kuipanga ni wengi kuliko ilivyokuwa wakati wa Denhardt. Na bado hatari ni ile ile: kwamba karatasi itaandikwa kwa lugha ambayo mkulima haisomi, katika mkutano ambao Mboni hakuusikia, kwa istilahi ambazo hata diwani hazielewi vizuri.

Hapo ndipo sisi walimu na wanafunzi tunapoingia. Wengi hudhani kwamba kupanga ardhi ni kazi ya mhandisi na mwanasheria peke yao. Mimi nasema kwamba kwanza ni kazi ya lugha. Ikiwa katika mpango neno pori litatumika kwa konde lililopumzishwa, mkulima ameshapoteza shamba kabla ya mkutano kufunguliwa. Ikiwa njia ya mifugo haina jina katika ramani, mfugaji ameshafungiwa maji. Mwanafunzi wa sekondari wa Witu, Faza au Mpeketoni anaweza kumwendea mzee wa kijiji chake akaandika majina ya makonde, ya visima, ya mahame, ya misimu na ya udongo, katika Kiamu, Kitikuu, Kipokomo, Kiaweer au Kikikuyu. Orodha hiyo ikiwekwa mezani mbele ya wapangaji itakuwa ushahidi mzito kuliko hotuba. Na serikali ya kaunti inaweza kuandika mpango wake kwa Kiswahili fasaha kinachoeleweka, usomwe barazani na misikitini na makanisani kabla ya kupigiwa muhuri.

Simba wa Witu aliinuka kwa sababu aliwapa nafasi watu ambao hakuna aliyewapa nafasi. Dola yake ilianza kufa siku alipoipanga nchi bila wao, na ikazikwa na wengine walioipanga bila yeye. Mwalimu mwenzangu, utakapofika katika ile sentensi moja ya mwaka 1885, usiipite haraka. Waulize wanafunzi wako: siku ile mkataba ulipotiwa mkono, mkulima alikuwa wapi? Kisha waulize yuko wapi leo.